Nilivyoufikia mkono wa Kijuma katika maktaba ya London

Ukimtafuta Muhamadi Kijuma wa Lamu kwenye katalogi za Ulaya kwa jina lake tu, mengi yatakupita. Mshairi huyu, aliyekuwa pia mchonga nakshi, aliwanakilia tenzi Wazungu kadhaa, na makusanyo maalumu hupangwa kwa jina la mwenye mkusanyo, si la aliyeshika kalamu. Inaniuma, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London, nilianzia kwa William Hichens, mmoja wa Wazungu hao aliyekusanya miswada ya Kiswahili. Nikaipitia orodha ya mkusanyo wake mstari kwa mstari, na Kijuma akaanza kujitokeza. Tahajia nazo nilizigeuzageuza: Liongo au Liyongo, yule shujaa wa tenzi, na utendi au utenzi.

Niliwaandikia wahudumu mapema nikitaja namba ya kila mswada, maana vitu hivi haviko rafuni, huletwa kutoka ghalani. Unaingia na penseli, si kalamu ya wino. Mikono iwe safi na mikavu. Wengi hudhani lazima uvae glavu, kumbe kwa karatasi zinaweza kudhuru: vidole vikikosa hisia, kona huchanika.

Kusoma ndiko kulikokula muda. Khati ni ya Kiarabu, na katika uandishi wa zamani herufi moja, be, ilibeba b, p na mb. Neno moja laweza kuwa bata, pata au mbata. Irabu ni tatu tu, hivyo i na e huvaa alama moja, o na u vilevile. Hapo nilinong'ona ubeti mzima nikihesabu mizani nane za kila kipande. Nikishalitambua neno moja la mwisho, kina chake kilinisaidia kuyasoma ya jirani. Aliyekulia kwenye tenzi za kughaniwa ana ufunguo ambao hakuna kamusi itakayompa, na natamani vijana wetu wengi zaidi wangeketi kwenye meza zile.

Picha niliruhusiwa kupiga bila mwanga wa flashi. Kila ukurasa niliupiga pamoja na kikaratasi chenye namba ya mswada, na jioni hiyohiyo nikazipa picha majina. Picha isiyo na namba huwezi kuitaja katika utafiti, hata iwe safi namna gani.