Siku moja mezani kwangu: tangi, betri na chipu inayolala

Saa 2:00 asubuhi. Kabla sijashika waya wowote natazama grafu. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyo pembeni mwa meza, imepokea vipimo usiku kucha kutoka kwa kifaa cha kupima maji ya tangi, kazi ya mteja, na mstari umekatika, ukarudi, ukakatika tena. Programu haijaguswa tangu juzi, kwa hiyo sianzii hapo. Kifaa kinachojizima na kujiwasha ovyo huwa na njaa ya umeme kabla ya kuwa na kosa la programu.

Saa 3:00. Mita inasoma volti 3.0 na ushee, imetulia tuli. ESP32, chipu yenye waifai inayoendesha kifaa hiki, inakubali kuanzia 3.0 hadi 3.6, kwa hiyo ukiiamini mita utasema mambo ni shwari. Osiloskopu, inayochora volti inavyobadilika haraka, inasema mengine: kila waifai inapowaka, volti inaporomoka na kupanda tena kabla mita haijashtuka. Chipu ikiona imefika karibu 2.4 inajianzisha upya, ndivyo ilivyoundwa.

Chanzo ni regyuleta (kipande kinachoshusha na kutuliza volti) ya bodi iliyobeba chipu, AMS1117. Inataka iingiziwe takriban volti 1.1 zaidi ya zile inazotoa. Betri ya lithiamu aina ya 18650 ikijaa ina 4.2, kisha hukaa sana karibu na 3.7. Toa 1.1 uone kinachobaki. Bodi hizi zimetengenezwa kwa ajili ya USB yenye volti 5, na huko zinafanya kazi vizuri kabisa.

Saa 4:30. Naitoa chipu kwenye bodi ya majaribio na kuijengea umeme wake. Regyuleta mpya ni MCP1700, ambayo yenyewe hula maikroampea 1.6 tu. Ina kasoro moja: inatoa miliampea 250 na si zaidi, na waifai ikianza kurusha inaweza kuvuka hapo kwa kitambo. Basi naweka kapasita ya maikrofaradi 470 karibu kabisa na pini za chipu, kama ndoo ya akiba chini ya bomba jembamba. Ukiiweka mbali, mwishoni mwa waya mrefu, haisaidii sana.

Pasi ya kulehemu iko kwenye nyuzi 350. Dirisha wazi, maana moshi wa fluksi, dawa ya kulehemu, si wa kuvutwa.

Saa 6:00. Sasa mstari wa osiloskopu unatikisika kidogo tu. Napiga hesabu ya betri. Bodi ya zamani, chipu ikiwa imelala, bado ilivuta kama miliampea 8 kwa sababu ya taa yake nyekundu, chipu ya USB na ile regyuleta. Betri ya miliampea-saa 2500 ingekwisha chini ya wiki mbili bila kufanya kazi yoyote. Chipu tupu ikilala usingizi mzito inavuta takriban maikroampea 10. Anayeila betri zaidi sasa ni waifai: ukiamka kila dakika 15 na kukaa macho sekunde 4 kwa miliampea 120, wastani ni zaidi kidogo ya nusu miliampea, yaani kama miezi sita. Nikikipa kifaa anwani ya kudumu ya mtandao kisiombe kila kinapoamka, muda wa kukaa macho unapungua.

Saa 7:00. Mapumziko.

Saa 8:00 mchana. Ujumbe kutoka kwa mteja mwingine, aliyefungiwa kifaa kama hiki: "Fundi, mbona mchana maji yanapanda na hakuna aliyefungua bomba?"

Swali zuri kuliko anavyodhani. Sensa hurusha sauti, ikasubiri mwangwi. Kila mikrosekunde 58 ni sentimita moja. Ila hiyo 58 imejengwa juu ya mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, kwenye hewa ya nyuzi 20. Hewa iliyo ndani ya tangi lililopigwa na jua ikifika nyuzi 40, sauti inakwenda karibu mita 355. Mwangwi unawahi kurudi, kifaa kinadhani maji yako karibu, na kwenye umbali wa sentimita 150 unapata sentimita 5 za maji hewa.

Dawa ni kipimajoto cha DS18B20 ndani ya tangi, pamoja na rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na chanya. Watu huisahau hiyo rezista, kisha wanalaumu sensa.

Saa 9:30. Sasa ndiyo zamu ya programu. Mistari michache: soma joto, pima mara tano, panga, chukua cha katikati, tuma, lala. Sichukui wastani, kwa kuwa mwangwi mmoja uliogonga bomba la kuingizia maji unaharibu wote.

Kuna wanaouliza kwa nini Raspberry Pi isifanye yote. Ni kompyuta kamili yenye mfumo wa Linux, na Linux inaweza kuisimamisha programu yako ili ihudumie nyingine, wakati huo mikrosekunde zinapita. Kupima mwangwi naiachia maikrokontrola, yaani chipu kama ESP32 inayofanya kazi moja tu; Pi inahifadhi na kuchora grafu.

Saa 11:00 jioni. Kufunga kisanduku. Matundu ya waya yatazame chini, yapakwe silikoni, lakini si ile yenye harufu ya siki. Ile hutoa asidi inapokauka, na ukiifungia ndani pamoja na bodi inakula shaba. Nina isiyo na asidi. Inataka usiku mzima kukauka, kwa hiyo kifaa kitapanda tangini kesho, baada ya kipimajoto cha yule mteja mwingine.