Nilivyofanikiwa kuyaona majua ya pembeni hapa Mbeya

Siku nzuri ya kuwinda pete za jua, ile duara ya mwanga inayolizunguka jua, pamoja na vijua, yale madoa ya mwanga yanayotokea pembeni yake, si ile ya buluu safi, wala ya mvua. Ni ile ambayo anga lote limekuwa jeupe kama maziwa yaliyozidishwa maji: jua linawaka, lakini kivuli chako chini hakina kingo kali. Weupe huo ni mawingu membamba ya juu sana, kilomita nane na zaidi, yaliyojaa chembe za barafu. Ndiyo, barafu, hata juu ya Kyela ambako watu wanatokwa jasho. Chembe hizo zina pande sita, na mwanga ukipita ndani yake hupinda kwa nyuzi 22 hivi. Mengine yote yanatokana na hapo.

Nilichohitaji kujifunza kwanza ni kulificha jua. Usilitazame moja kwa moja hata sekunde moja, na miwani ya mtumba ya soko la Mwanjelwa haitakulinda. Simama kwenye kivuli cha nguzo ya umeme au ukingo wa paa, jua lizibwe kabisa, ndipo utazame kandokando. Kipimo unacho mwilini: nyoosha mkono, tanua vidole, gumba liwe juu ya jua lililozibwa. Ncha ya kidole cha mwisho inaangukia palepale pete inapopita. Nikishaweka mkono hivyo sihangaiki tena kupekua anga zima, natazama sehemu moja tu.

Vijua vyenyewe nilivipata Uyole, asubuhi, nyuma ya vibanda vya viazi. Nilikuwa nimejificha kwenye kona ya bati, mkono juu, na mama mmoja aliyekuwa akipanga sado zake alinitazama weee, mwisho akashindwa kunyamaza.

"Mwanangu, unapima nini huko?"

"Shikamoo mama. Natafuta jua la pili."

"Marahaba. La kwanza halikutoshi?"

Lakini alipokuja kusimama pale kivulini nilipokuwa mimi, alikiona kabla sijamwonyesha. Kilikuwa kulia kwa jua, kimo kilekile: doa linalong'aa, jekundu upande wa kuelekea jua, kisha njano, kisha mkia mweupe unaochorwa kwenda nje. Cha kushoto kilikuwa hafifu zaidi kwa sababu wingu lilikuwa limekatika upande ule. Vijua hivi hutokea chembe za barafu zikiwa bapa, zimelala kama zinavyoanguka. Akawaita wenzake, na biashara ikasimama kidogo.

Tatizo la huku ni muda. Jua letu hupanda kwa kasi, karibu nyuzi 15 kwa saa, na kadiri linavyopanda vijua navyo husogea nje ya pete na kufifia. Likivuka nyuzi 61 kutoka upeo wa macho haviwezekani tena. Kwa hiyo mimi hutoka kabla ya saa nne asubuhi, au nasubiri kuanzia saa kumi jioni. Mchana kweupe siutupi, nabadilisha tu kitu cha kutafuta. Jua likiwa juu ya nyuzi 58, tazama chini yake umbali wa mikono miwili iliyotanuliwa: huweza kutokea utepe wa rangi uliolala sambamba na upeo wa macho, wenye rangi kali kuliko upinde wa mvua. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini hawaupati kabisa kwa kuwa jua lao halifiki kimo hicho. Sisi tunakosa wiki chache za kati na mwishoni mwa Juni tu, maana hapo jua la adhuhuri la Mbeya huishia chini kidogo ya nyuzi 58. Kumbuka pia kwamba adhuhuri yetu ya kweli ni karibu saa saba kasorobo, si saa sita kamili.

Wazee husema pete ya jua ni mvua. Mimi sianiki wala kuanua mahindi kwa kuitegemea. Kwenye nchi za baridi mawingu hayo mara nyingi hutangulia mvua, ila huku mengi ni vilele vya mawingu ya radi vilivyotandazwa na upepo, na radi yenyewe huenda ilishapiga kwingine. Na ile pete ndogo inayobana mwezi, yenye wekundu upande wa nje, ni ya matone ya maji, si barafu. Ya barafu ni kubwa, na wekundu wake uko ndani.

Kuna pete moja ambayo unaipata kwa kulipa jua mgongo. Nilipanda mlima Loleza alfajiri na kijana wa jirani, ukungu umejaa bondeni upande wa magharibi. Jua lilipotoka nyuma yetu, vivuli vyetu vilitua juu ya ukungu, na kichwa cha kivuli changu kikazungukwa na pete ndogo za rangi.

"Kaka, ona, nimevikwa taji!" akasema yule kijana.

"Wewe? Mbona liko kwangu?"

Tulibishana hadi nikamweleza: matone hurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo kila mtu huona pete kwenye kichwa chake mwenyewe tu. Hakukubali. Alinisukuma, akasimama palepale nilipokuwa, akatazama chini, akasema, "Si nilikwambia ni langu?"