Nilivyokubaliana na wakili bei ya kesi ya mirathi

Wakili wa kwanza niliyemwendea, ofisi yake iko katikati ya mji wa Nairobi, alitaka asilimia tano ya mali yote ya marehemu baba. Hakuuliza kama kuna ugomvi nyumbani wala mali yenyewe ni ya aina gani. Alichotaka ni jumla tu. Nikamwambia nitawasiliana naye, na sikuwasiliana.

Jioni hiyo mimi na mama tulimwaga karatasi za baba mezani. Kulikuwa na ploti Ruai, akaunti ya benki, akiba ya sacco na pensheni ya kazini. Kwenye sacco na pensheni baba alikuwa ameandikisha jina la mama, na fedha za namna hiyo kwa kawaida hulipwa bila kupitia kesi ya mirathi. Basi cha kupeleka mahakamani kikabaki ploti na akaunti. Ningekubali ile asilimia tano, tungemlipa mtu kwa fedha ambazo hata hangezigusa.

Wakili wa pili, mama mmoja wa Ngara, alinitajia laki moja na themanini. Jina lake nilikuwa nimeshalitafuta kwenye orodha ya Chama cha Mawakili nikaona leseni yake ya mwaka ni hai. Badala ya kulia bei, nikamuuliza: hiyo inaishia wapi? Akanijibu bila kuficha kwamba inaishia tukipata hati ya usimamizi, yaani karatasi ya mahakama inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu. Na hapo ndipo watu wengi hukwama. Ombi likishawekwa mahakamani, hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hati ikitoka, kwa kawaida husubiriwa miezi 6 ndipo muombe ithibitishwe, pamoja na orodha ya nani anapata nini. Kabla ya uthibitisho huo ploti haigawanywi wala haiuzwi. Baada yake bado kuna kubadilisha jina kwenye ofisi ya ardhi.

Tukakubaliana laki moja na nusu mpaka uthibitisho, kodi ya VAT ikiwa ndani, kwa mafungu matatu: siku ya kuwasilisha ombi, hati ikitoka, na ikithibitishwa. Ada za mahakama na za tangazo nalipa mwenyewe na risiti nabaki nazo. Yote tuliyaandika na kutia sahihi. Alishuka kwa sababu mbio nilizichukua mimi: barua ya chifu inayotaja warithi, cheti cha kifo, upekuzi wa ploti kwenye ofisi ya ardhi, taarifa ya benki. Lakini usipatane bei na wakili kama uko soko la Gikomba. Sheria imeweka viwango vya chini vya malipo yao, na anayeteremka chini ya hapo anavunja sheria.

Kazi iliyotuokolea fedha nyingi zaidi ilikuwa ya nyumbani. Bei ile ilikuwa ya kesi isiyo na mpinzani; mtu akipinga, kila kikao kina malipo yake. Kaka yangu aliye Mombasa alinung'unika kwamba hakuulizwa mapema, na kweli hakuulizwa. Tukampigia, tukaongea mpaka akaridhika mama awe msimamizi, naye akatia sahihi fomu ya ridhaa mbele ya kamishna wa viapo huko huko. Baba mdogo yeye alitaka tuiuze ploti kimyakimya kupitia broka, hayo ya korti yaje baadaye. Nilimweleza kwamba kuigusa mali ya marehemu bila hati ni kosa la jinai, akanyamaza, ingawa hakufurahi.

Kwa kuwa thamani ilikuwa chini ya milioni 20, tulikwenda mahakama ya hakimu wala si Mahakama Kuu. Mambo yakaenda polepole lakini yakaenda.

Kubadilisha jina la ploti wakili alitaka elfu thelathini zaidi. Mimi nilikuwa tayari kuifanya mwenyewe. Mama akasema, "Mlipe. Mimi foleni zimenitosha."