Hamsini ya Luxor

Na mafarao sina neno. Siku mbili nzima nilizunguka kwao: nguzo 134 za ukumbi wa Karnak, joto la Bonde la Wafalme linalokausha mate, na kaburi la Tutankhamun alilolifukua Howard Carter mwaka 1922. Chumba chenyewe kama stoo, na kina tiketi yake mbali, juu ya ile niliyokwisha kulipa mlangoni! Lakini aliyenikaa kooni mpaka leo ni mwenye mashua.

Jioni ya tatu nilikuwa ukingoni mwa Nile, mzee mmoja wa kanzu akaniita. Nikamwitikia "ami", kama tunavyowaita wazee kwetu Lamu, akacheka kwa kulitambua neno. Nikamuuliza bei ya kwenda Kisiwa cha Ndizi. "Khamsin," akasema. Hamsini! Nani alisema sijui Kiarabu? Na feluka yake ilikuwa na tanga la pembe tatu kama la jahazi. Nikajiona niko nyumbani, nikasahau kuuliza hamsini ya nini.

Kule upepo wa kaskazini huvuma karibu mwaka mzima, unazisukuma mashua kusini, kinyume na maji. Kurudi, unajiachia kwenye mkondo. Babu zangu walikwenda na kusi na kurudi na kaskazi, miezi katikati ya kungoja. Huyu bwana anaenda na kurudi kwa alasiri moja.

Ila upepo ukikata. Ulikata tukiwa katikati ya mto, mkondo ukaanza kuturudisha tulikotoka. Ami akapiga makasia hadi ng'ambo ya magharibi, akaifunga mashua kwenye matete, akajilaza. Saa mbili nzima! Jua likazama nyuma ya vilima vya makaburi, mbu wakaamka, ami akakoroma. Nikatia mkono majini. Sehemu ya maji yale ilitoka Ziwa Victoria, ikapita Jinja, ikavuka Sudan yote, ikafika hapa bila viza. Mimi viza nililipia. Kisiwa chenyewe sikukiona.

Tuliporudi gatini ilikuwa giza. Nikatoa noti ya hamsini. Akaitazama kama jani lililoanguka mtini.

"Hamsini za Kiingereza, ya akhi."

Kumbe Wamisri nao pesa yao ni pauni, na ya Kiingereza ni pauni, na tofauti yake ingenilaza hotelini usiku kadhaa. Nikapandisha sauti, naye akapandisha. Vijana wa mashua nyingine wakaja kusikiliza, wakakaa kabisa. Nikamwambia upepo ulikata, kisiwa sikufika, usingizi ni wake, iweje niulipie mimi? Akasema upepo ni wa Mungu, lakini mashua ni yake. Hapo nilikwama kidogo, maana hata manahodha wa kwetu wangesema hivyo hivyo.

Tukamalizana kwa pauni 300 za Misri. Akazihesabu mara mbili, akazitia kifuani, akanipa mkono kwa heshima zote, akaniombea safari njema. Kisha mkono uleule ukabaki wazi.

"Bakshish, ami."

Na hilo nalo nililielewa bila mkalimani.