Kitambaa ndani ya mfumo wa oili

Kila ifikapo tarehe 15 Oktoba humkumbuka mtu ambaye sikuwahi kumwona. Paul Allen, aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates mwaka 1975, alifariki siku hiyo mwaka 2018 mjini Seattle, akiwa na umri wa miaka 65. Wengi walimlilia kwa sababu ya kompyuta. Mimi, fundi wa injini za dizeli hapa Lindi, nilimlilia kwa ndege zake za vita.

Alikuwa akinunua ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kuwakabidhi mafundi wazirudishe zilivyokuwa siku ya kutoka kiwandani, na nyingi ziliruka tena. Huko kuruka ndiko kulikonivuta, kwa maana sisi wa Lindi hatuwaamini wakusanyaji upesi: mifupa ya dinosaria, iliyochimbwa na Wajerumani kwetu Tendaguru, ilibebwa na wapagazi hadi pwani kati ya 1909 na 1913, na hadi leo imesimama Berlin, tena kimya.

Katika ndege zake ninayoipenda zaidi ni Focke-Wulf, ndege ya kivita ya Kijerumani, iliyotua kwa dharura mwaka 1943 karibu na Leningrad, Urusi, baada ya injini kuzima, ikabaki msituni hadi ilipogunduliwa mwaka 1989, miti ikiwa imeota kuizunguka. Walipoifungua, mafundi walikuta kitambaa ndani ya mfumo wa oili, na inadhaniwa kwamba kiliwekwa makusudi na mmoja wa watu waliolazimishwa kufanya kazi viwandani. Mwaka 2010 iliruka tena, kwa injini yake ileile.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka marehemu mjomba wangu, aliyenifundisha kazi. Siku moja Land Rover iliyotoka mikononi mwetu ilinoki kabla haijafika Mingoyo, na mjomba, badala ya kumlaumu dereva, alilala chini ya gari mchana kutwa hadi alipovuta kwenye mrija wa oili kipande cha khanga, cheusi kama masizi, nilichokuwa nimekisahau mimi. Hakunipiga. Alikianika juu ya benchi na kikakaa hapo miaka.

Allen naye alipenda kufungua na kujua kilichoharibika. Fedha zake ziligharimia sensa kubwa ya tembo barani Afrika, iliyofanywa kwa ndege ndogo zilizoruka chini, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba tembo wa Tanzania walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 60 ndani ya miaka mitano. Kwa mtu wa mkoa huu, ambao Liwale yake inapakana na mapori ya Selous, hiyo ilikuwa habari chungu, lakini afadhali kuijua.

Alipofariki niliziogopea zile ndege. Makumbusho yake yaliyozihifadhi, mjini Everett karibu na Seattle, yalifungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na nikajua yaliyompata mjomba yanajirudia, kwani spana zake ziligawanywa hata arobaini haijafika, moja huku, moja kule, na lile benchi likawa kuni. Mwaka 2022 mkusanyo uliuzwa kwa Steuart Walton, tajiri mwingine wa Marekani, na mwaka uliofuata milango ikafunguliwa. Nilimpigia shangazi simu kumweleza, naye akauliza ni nani huyo Allen na ana undugu gani nasi.