Ila za Kioo cha Bibi

Binti yangu kanipigia juzi kutoka Bububu, anakopamba nyumba ya yule mteja wake mgumu. Swali lenyewe: fundi akivua rangi ya nyuma ya kioo kipya na kukigusagusa na asidi, madoa yatatoka kama ya kioo cha kale, au yataonekana ya kubandika? Mteja anataka madoa. Tena kayapangia na mahali: yawe pembeni na chini, katikati yasifike. Nikamwambia nadhani inawezekana, nikakata simu, nikacheka peke yangu hadi chai ikafurika jikoni. Binti yangu hakumkuta Bibi yangu, hawezi kujua.

Kile kioo kilikuwa ukumbi wa juu, nyumba ya Malindi, kimetazamana na mlango wa uani. Aliyeishi nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja anajua sababu. Upana wa chumba unaamuliwa na boriti, na boriti ya mkoko haivuki mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, mwanga unaingia upande mmoja na kuchoka njiani. Kioo kikubwa mbele ya mlango kinaudaka na kuusukuma hadi vidaka vya mwisho kabisa. Waliokitundika hawakuwa na haja ya kutazama vilemba vyao tu.

Kilitoka wapi, hapo kila mtu na lake. Bibi akisema Hamburg, kwa sababu babu wa babu yetu aliwauzia karafuu Wajerumani. Mjomba akisema Ufaransa, kwa sababu ya yale maua ya fremu, na kwa sababu Bibi alisema Hamburg.

Lakini madoa yalimuumiza roho Bibi. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu, na kioo kilichoegemea ukuta ule miaka yote hakikusalimika. Chini kulikuwa na wingu la kijivu, pembe ya kushoto vidoa vyeusi, na usawa wa kidevu chako alama ndefu, ukijitazama unaonekana una ndevu. Wageni wakija, Bibi alitundika kanga pale pembeni, eti inakauka.

Miaka ya tisini hoteli zikaanza kuota mjini, madalali wakawa wanapita nyumba hadi nyumba wakiuliza makasha, saa za ukutani, vitanda vya samadari. Bati la paa letu lilikuwa linavuja na waliokuwa Uarabuni walikuwa wameacha kuandika. Siku moja asubuhi dalali mmoja wa mtaani akapiga hodi, nyuma yake Mtaliano mrefu mwenye daftari, anapamba hoteli.

Nakumbuka jinsi kioo kilivyoteremshwa. Mjomba na dalali wakakilaza kifudifudi juu ya godoro la pamba, na kwa mara ya kwanza nikauona mgongo wake: mbao nyembamba zisizopigwa randa, zimegongomewa misumari ya kichwa cha pembe nne. Mtaliano akang'oa ubao mmoja wa chini kwa kijisu. Ndani, kwenye mfereji wa fremu, kulikuwa na vitone vya fedha vidogo kuliko mtama, vinatetemeka kila mtu akipiga hatua sakafuni. Nikanyoosha kidole. Mtaliano akanidaka mkono kabla sijafika, akasema neno ambalo dalali alilifasiri kuwa ni sumu.

Ilikuwa zebaki. Vioo vya zamani vya Ulaya vilitengenezwa kwa karatasi ya bati laini, si hili la paa, iliyoloweshwa zebaki na kugandamizwa nyuma ya kigae cha kioo. Njia ya kutumia madini ya fedha badala ya zebaki aliibuni mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, mwaka 1835, lakini mafundi hawakuiacha zebaki mara moja. Waliendelea nayo kwa miongo mingi. Na zebaki haitulii. Inajitenga na bati kidogo kidogo, inateremka, na bati linalobaki linaliwa na unyevu hadi linatoa chembe za kijivu zenye kumetameta. Hilo ndilo lilikuwa wingu la Bibi.

Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile nilichokiona ni Mtaliano kupiga magoti na kuguna kama mtu aliyeonja urojo wa Forodhani.

Dalali akaanza kuupamba mzigo. Kioo safi hiki, Bi Mkubwa kakitunza, hivi vidoa vinafutika. Bibi akamkatiza.

"Mwanangu, usinitie motoni. Havifutiki. Mwambie."

"Bi Mkubwa, tuache biashara iende."

"Mwambie havifutiki!"

Sisi tuliosoma chuoni, madrasa yaani, tulijua kilichokuwa kikimsukuma. Kile kisa cha Mtume sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka na kukuta chini zimerowa, akamlaumu muuzaji aliyezificha, mwalimu alitusomesha na bakora mkononi. Bibi hakuwa tayari kuulizwa Kiyama kuhusu kioo. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuhesabu ila za kioo kwa vidole.

Wingu hilo linakua kila masika. Dalali akafasiri huku ameinamisha kichwa. Mtaliano akaandika daftarini.

Fremu imebunguliwa, ukiigonga inatoa unga. Mtaliano akaigonga, ukatoka unga, akatabasamu.

Kigae chenyewe hakikunyooka. Ukisogea, uso unavutika. Mtaliano akasogea kushoto, akasogea kulia, akamwita Mjomba naye aje asogee.

Ua moja la juu si la asili, lilianguka mwaka wa mapinduzi, seremala wa Mwembetanga akachonga jingine, na hakuwa fundi mzuri. Hapo Mtaliano akalitafuta lile ua, akalipata, akalipapasa kwa muda mrefu.

Halafu akasema bei. Dalali hakufasiri. Akabaki kinywa wazi, Mjomba akamkanyaga mguu, ndipo ikatoka. Ilikuwa bei ya paa zima na friji juu.

Bibi akanyamaza, kisha akamuuliza dalali kama hakuyafasiri maneno yake kinyume. Akaapa. Bibi akarudia ila zote, moja moja, akimwonyesha Mtaliano mwenyewe kwa kidole, akimgusisha penye unga. Mwisho akatoa hoja yake: basi angojee wiki mbili, atakipeleka kwa fundi kitiwe dawa mpya nyuma, gharama juu yake, apewe kitu kizima. Dalali alipofasiri hilo Mtaliano akaruka, akasimama kati ya Bibi na kioo, akaongeza bei.

Kikachukuliwa jioni ileile, juu ya gari la ng'ombe, kimefungwa mablanketi. Paa likaezekwa. Friji ikaja. Sehemu ya fungu Bibi aliipeleka msikitini bila kusema ni ya nini. Mjomba hadi leo anashikilia kwamba tuliibiwa, kwamba kioo kile kingefika Ulaya kingeuzwa mara kumi. Bibi alikwenda kaburini akiamini kwamba mwizi alikuwa yeye. Mimi kazi yangu ni mapazia na makochi, nimeshauza kiti kibovu kwa bei ya kiti kizima kwa sababu tu kilikuwa cha bibi wa mtu, na bado sijajua nimsikilize nani kati yao. Asidi ile ya binti yangu ndiyo inayonitatiza zaidi: ila inayotengenezwa makusudi, muuzaji anatakiwa aitaje au aifiche?

Ramadhani iliyofuata Mtaliano akarudi na dalali wake, kabeba tende na halua. Bibi alimwona kupitia dirishani, akajua anakuja kudai pesa zake, akakimbilia chumba cha ndani na kutuamrisha tuseme kaenda Pemba. Kumbe alikuja kuuliza kama kuna kingine kibovu namna ile. Kimya. Halafu sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Kipo cha chooni. Lakini mwambieni hicho kizima."