Mitungi Sita ya Pombe

Jumatatu usiku. Mvua imeshuka tangu saa kumi na mtaa mzima ni matope.

Leo mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua gauni lake, akanirudishia na kitabu. Amekirudisha kama wenzake wawili waliotangulia: kile kipande cha kitenge ninachokiweka cha kushikia ukurasa kiko palepale mwanzoni. "Dada, ni kizuri, ila kinakwenda taratibu mno." Sikumbishia. Nilikipokea nikakirudisha juu ya kabati, karibu na makasha ya nyuzi.

Kitabu chenyewe ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza. Ndiyo riwaya ninayoipenda kuliko zote za Kiswahili, na kwa miaka mingi kila aliyeniuliza asome nini nimemtwisha hiyo. Sasa naona nilikuwa nakosea namna ya kuitoa.

Anayetaka cha kumkesha usiku mmoja, nampa *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kurasa za mwanzo tu baba anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, na usingizi unakuruka. Nimeiazima kwa wasichana wengi wanaokuja kupima sare, na hakuna aliyeirudisha bila kuimaliza. Yeye na Kitereza wote ni watu wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944. Mwaka uliofuata mzee Kitereza akamaliza riwaya yake, kwa Kikerewe, kisha haikupata wa kuichapa. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Akafariki 1981. Miaka 35 mtu anasubiri kitabu chake! Nikilifikiria hilo huwa naacha cherehani kwanza.

Jumapili iliyopita nilipanda Uru, mlimani Kilimanjaro, kwa mama mkwe, na nakala niliyoazima kwa jirani. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, na redio ilikuwa imeisha betri. Tukakaa jikoni, yeye na ungo wa maharage mapajani, mimi mlangoni penye mwanga. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Lo! Kile wanachokiita taratibu ndicho alichokuwa anakitaka. Watu wanaposalimiana, anaitikia. Mgeni akikaribishwa, anangoja aone atapewa nini. Tulipofika pale baba yake Bugonoka anapodai mitungi sita ya pombe ya ndizi ndipo Myombekere arudishiwe mke, akainua kichwa. "Sita? Na ndizi anazo?" Nikamwambia ndiyo hivyo, hazimtoshi. Akaanza kupiga hesabu kwa vidole: mikungu mingapi, siku ngapi darini ziive, siku ngapi baada ya kuchemshwa, ulezi debe ngapi, na msesewe, gome la mti la kutia uchungu, nani atauleta. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haikimbizwi, alisema. Huyo kijana atahitaji majirani.

Na kweli, kurasa zinazofuata ni za majirani.

Nikamweleza chanzo cha yote: Bugonoka hakuwa na mtoto, mimba zilikuwa zinaharibika, ndugu wa mume wakamtukana hadi wazazi wake wakamchukua. Mume alishawishiwa aoe mwingine, akakataa. Mama mkwe alikuwa kimya. Mkono wake ulibaki ndani ya maharage.

"Mimi nilikaa miaka minne," alisema.

Nimeolewa katika nyumba hii miaka kumi na moja na sikuwahi kulisikia neno hilo. Mume wangu ni kifungua mimba wake.

"Nilirudi kwetu Kibosho. Hawakunifukuza, maneno tu yalinizidi. Baba yenu akanifuata."

"Na mbege, mama?"

"Mikono mitupu. Alikaa pale uani hadi jua likazama, hasemi. Baba yangu akamwonea huruma." Akaokota kijiwe kwenye ungo akakitupa nje. "Nikarudi naye hivyo hivyo. Haya, soma, mwanangu."

Nikasoma mpaka mwanga ukaisha. Nimekwisha kuisoma riwaya hii mara tatu peke yangu, na siku zote nilikuwa namhesabia baba mkwe yule kama mtu mkali, anayemtoza kijana wa watu. Mama anaona vingine. Anasema mitungi sita ni midogo kwa matusi aliyopewa yule binti, na kwamba anayesumbukia ndizi mwezi mzima hatamruhusu tena dada yake amtukane mkewe. Bado nalipima hilo. Nadhani ana haki.

Yule mwalimu wa leo nimemuuliza kama mama yake yuko hai. Yuko Marangu, anakwenda kumwona Pasaka. Nikakishusha kitabu tena kabatini nikampa, na kitenge chake kilekile ukurasa wa kwanza, nikamwambia safari hii asisome peke yake.

Jumapili nitaazima tena nakala ya jirani. Mama mkwe amenituma ulezi kilo mbili, wa soko la Mbuyuni, usio na mchanga.